Unakilije hisia? Hoja ya kunakili bahari za Nolde

Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayejifunza rangi za mafuta kwa kunakili mandhari ya pwani ya kiekspreshonisti (mtindo unaotanguliza hisia za mchoraji kuliko sura halisi ya vitu), tuseme mojawapo ya bahari za vuli alizochora Mjerumani Emil Nolde mwaka 1910 na 1911, hakosi kuulizwa: unakilije hisia za mtu?

Swali lina uzito. Wachoraji wale waliikataa kazi ya kuiga maumbile kama yalivyo, na mawimbi ya mwingine ukiyafuata mstari kwa mstari waweza kubaki na ganda tu. Hapa mjini kuna hofu nyingine, nayo ni ya kweli: maduka ya picha za watalii yamejaa kazi zinazofanana hata mchoraji hajulikani ni nani.

Lakini wanaolaumu hutazama picha iliyokwisha. Kinachofundisha ni kile kinachotokea njiani. Rangi ya machungwa ikipita juu ya bluu ambayo bado mbichi, zote mbili hugeuka tope. Wingu linalowaka halipatikani kwa kusugua. Unafuta brashi kwa kitambaa, unachota rangi nzito, unaiweka mara moja na kuiacha. Ukirudia mara ya pili, umeliua wingu. Hakuna maelezo yanayoufundisha mkono jambo hilo, na mtu aliyezoea rangi ya enameli ya picha za Tingatinga, inayokauka upesi, hulipata kwa taabu zaidi. Mafuta hayakauki kama maji. Hukamata hewa ya oksijeni polepole, na tabaka nene laweza kuchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana tabaka la chini hupakwa na mafuta kidogo, la juu likaongezewa, la sivyo picha hupasuka.

Kuna jambo lililo kubwa kuliko ufundi. Mpeleke anayeanza Coco Beach na turubai tupu, umwambie achore anavyohisi. Mara nyingi atakuletea mbingu ya bluu, mnazi na ngalawa, kwa sababu ndivyo alivyoona pwani ikichorwa tangu utotoni. Hayo ni mazoea, na yeye huyadhani kuwa ni hisia zake. Nakala ya Nolde humlazimisha kupaka bahari karibu nyeusi na mbingu ya manjano, akaona kwa macho yake kwamba bado ni bahari. Akishaona hivyo, mnazi wake hautakuwa wa lazima tena.

Na tusisahau tulikotoka. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa mwaka 1968 na kufariki 1972. Mtindo wake uliishi kwa sababu vijana waliokaa naye walimwiga kwanza. Mchoraji Mholanzi Van Gogh naye, akiwa hospitalini Saint-Rémy mwaka 1889 na 1890, alinakili kazi za mchoraji Mfaransa Millet kutoka kwenye chapa zisizo na rangi, rangi akazitoa mwenyewe.

Njia hiyo ya Van Gogh ndiyo ningeipendekeza kwa darasa lolote la hapa. Nakala ya kwanza ifuate rangi za Nolde. Ya pili ifanywe kutoka kwenye chapa nyeusi na nyeupe ya picha ileile, na rangi zitoke Kunduchi au Kigamboni, saa ambayo mwanafunzi mwenyewe amekaa akaitazama. Nyuma ya zote mbili iandikwe wazi kwamba zimetokana na Nolde, na ya kwanza isiuzwe.