Usiku wa Ijumaa wa Bibi na Alhamisi ya Serikali

Mtoto wa shangazi yangu anayeishi Mombasa ameanza kuchora nasaba yetu kwenye simu, na ameweka sharti: asiye na cheti cha serikali haingii. Amechoka, asema, na nasaba za barazani zinazomfikisha kila mtu Hadhramaut, kule Yemen, kwa pumzi moja bila tarehe hata moja njiani. Huku Lamu sharti lake limetugawa. Wazee wameona wametukanwa. Vijana wamefurahi kupata kitu cha kushika mkononi.

Nusu ya hoja yake naikubali. Nasaba ya mdomo ina upendeleo. Hutaja wanaume, hasa wenye elimu au majahazi. Wanawake hugeuka "mama wa fulani", na waliokorofishana na ukoo hupotezwa kimyakimya. Babu yangu alikuwa na dada ambaye hakuna aliyewahi kumtaja mbele yetu. Tulimjua kwa cheti cha kifo kilichokuwa kati ya karatasi za shamba. Alifia Malindi, na makazi yake yameandikwa Malindi vilevile, kwa hiyo hakuwa mgonjwa aliyepelekwa kutibiwa. Alikuwa mwenyeji wa kule. Kwenye nafasi ya mtoa taarifa kuna jina la mwanamume na neno moja mbele yake: mwana. Kwa neno lile tumepata nyumba nzima ya jamaa. Baraza haikutupa hilo kwa miaka arubaini.

Sasa tuje kwa Bibi, mzaa mama, aliyefia nyumbani Langoni. Sote twajua alikufa usiku wa Ijumaa, na hilo limesemwa kwa fahari kwenye kila hitima. Binamu akatazama tarehe ya cheti, akafungua kalenda, akatutangazia kuwa ilikuwa Alhamisi. Akaanza kuuliza ni mangapi mengine tuliyoyapamba.

Hatukupamba kitu. Kwetu siku huingia kwa Magharibi. Bibi alikata roho baada ya Isha ya siku ya Alhamisi, na usiku ule ndio usiku wa Ijumaa. Serikali hubadili tarehe saa sita za usiku. Mauti ni yale yale, kalenda ni mbili.

Umri wake ndio uliomnyamazisha Binamu. Mjomba husema alifikisha miaka 90. Nyuma ya msahafu wa nyumbani baba yake Bibi aliandika, kwa herufi za Kiarabu, mwezi na mwaka wa hijria aliozaliwa, na ukihesabu kwa hijria 90 inatimia. Mwaka wa hijria una upungufu wa siku kama kumi na moja, hivyo kwa kalenda ya serikali miaka hiyo ni 87. Cheti kinasema 82. Nilimwuliza Mjomba kwa nini alitaja 82. "Sikutaja mimi," akasema, "nilitoa kitambulisho." Na kitambulisho kile kilijazwa na karani mmoja zamani, aliyemtazama Bibi usoni akamkadiria mwaka. Hapo makadirio ya jicho yamepigwa muhuri mara mbili, na mara ya pili yakaitwa ushahidi.

Kwa hiyo mimi nikishika cheti husoma kwanza jina la aliyeripoti. Tarehe na mahali pa kifo aliyekuwapo anavijua. Umri huusikia tu. Tahajia ya jina ni bahati ya kalamu: mtu yule yule huwa Athman, Athumani, Othman na Uthman katika karatasi nne, na anayetafuta kwa kompyuta herufi kwa herufi atasema ni watu wanne.

Kuna tatizo kubwa zaidi, nalo ni la wale wasiomo. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo iliwalazimu Wazungu kuanzia 1904, Waasia 1906, na haikuwafunika watu wote nchi nzima mpaka 1971. Aliyefia Siyu au Faza mwaka 1935 asipoonekana daftarini, daftari ndilo halikuwahi kumfikia. Hata baada ya 1971, anayefia nyumbani huzikwa siku ile ile au kesho yake, na safari ya kwa naibu wa chifu kuripoti kifo hungoja haja: mirathi, akaunti ya benki, pensheni. Asiyeacha kitu hakuna anayekimbilia karatasi yake. Mvuvi wa Kizingitini aliyeacha wavu na deni ana nafasi ndogo ya kuwa na cheti kuliko mwenye minazi. Sharti la Binamu, lililotaka kuondoa upendeleo wa baraza, limeleta upendeleo wa mali.

Tena cheti cha Bibi hakina nafasi ya jina la baba wala mama. Marekani cheti cha kifo huulizia wazazi wote wawili, ndiyo maana watafiti wa kule hukipenda sana (ingawa huko nako anayejibu huwa mfiwa aliyechanganyikiwa). Kwetu anayetaka kupanda kizazi afadhali aende kwa kadhi. Faili ya mirathi huwataja warithi wote, kwa sababu mama ana sudusi yake (fungu moja katika sita), mke mwenye kuachiwa watoto ana thumuni yake (moja katika manane), na mtu hafichi dada yake mbele ya kaka zake wanaogawana. Madai ya ardhi yaliyofunguliwa pwani kwa sheria ya 1908 nayo yana faida hiyo, maana mdai alipaswa kueleza ardhi imemfikiaje, na mara nyingi imemfikia kwa urithi.

Lakini humo pia ndimo palipo na yale ambayo wazee hawataki yafunguliwe. Utumwa ulikomeshwa kisheria ukanda huu mwaka 1907, juzi tu, na katika hati za zamani utamkuta mtu ametajwa kwa jina la aliyemwacha huru. Wazee hutukumbusha tuwataje marehemu kwa mema yao. Siwacheki, ila hapa sikubaliani nao: asili si aibu ya marehemu, na kuificha kumewanufaisha zaidi wajukuu wa waliomiliki. Sababu ya kifo ni jambo jingine. Cheti cha shangazi mmoja kilisambazwa kwenye WhatsApp ya ukoo kikiwa na ugonjwa wake umeandikwa wazi, na binti yake yumo humo humo. Texas cheti cha kifo huwa wazi kwa umma baada ya miaka 25. Kipimo kama hicho kingetufaa hata ndani ya ukoo: jina, tarehe na mahali vitumike sasa; ugonjwa usubiri.

Binamu amelegeza. Dada wa babu ameingia, Bibi ameingia kwa miaka 87, na kila jina sasa lina mstari wa aliyeleta habari, awe karani, msahafu au Mjomba. Programu yake haina nafasi ya mstari huo, kwa hiyo anauandika kwenye maelezo chini ya picha.