Mpiga kinanda, ufunguo ni wa mwimbaji

Wapiga kinanda wa kwaya zetu, kuanzia Lindi mjini hadi Masasi, wana vidole vyepesi na ninawapenda. Lakini mtu akisimama kuimba peke yake, wengi wanapiga kana kwamba hayupo. Hilo linaniuma.

Kumpigia mwimbaji ni kazi kamili. Mwingereza Gerald Moore aliifanya karibu maisha yake yote, na kwenye onyesho lake la kuaga jijini London mwaka 1967, waimbaji mashuhuri Dietrich Fischer-Dieskau, Elisabeth Schwarzkopf na Victoria de los Ángeles walipanda jukwaani kuimba naye.

Kazi yenyewe inaanza na ufunguo, yaani wimbo uimbwe juu au chini kiasi gani. Karatasi ya wimbo ikisema Do, noti ya msingi, ni G, hilo ni pendekezo la mtunzi. Koo ni la dada atakayeimba. Kaa naye katikati ya wiki, mwambie aimbe ule mstari wenye noti ya juu kabisa, siyo mwanzo ambao kila mtu anaumudu. Ukiona kidevu kinapanda na shingo inakaza, shusha mpaka F, hata E. Kwenye kinanda cha umeme ni kitufe tu, ila kirudishe kabla kwaya haijaanza wimbo unaofuata. Kwenye piano unahamisha kwa vidole, na hilo halikurupukiwi Jumapili asubuhi.

Halafu lile biti la kinanda, mdundo unaojipiga wenyewe. Kwenye zaburi, lizime! Biti halimngoji mtu avute pumzi, wewe unaweza kumngoja. Soma maneno yake ujue sentensi inaishia wapi, maana hapo ndipo atakapopumua, na mkono wako wa kushoto upungue asije akalazimika kupiga kelele.

Akiingia mapigo mawili kabla ya wakati, mfuate palepale. Nimeshaona mpiga kinanda akimaliza utangulizi wake wote huku mwimbaji ameshaanza, kisha akageuka kumtazama ili waumini wajue nani kakosea. Kwangu mimi huo ni usaliti. Makosa mtayazungumza mazoezini, mkiwa wawili.

Na ninyi mnaoandaa harusi, mpeni mpiga kinanda karatasi ya wimbo mapema na mlipeni kama mnavyomlipa mpiga picha. Kumletea wimbo kwenye simu wakati maharusi wako mlangoni ni kumwonea yeye na mwimbaji wake.