Mvinyo mwekundu si chai, jamani

Inakera kusikia mvinyo wa shilingi elfu moja ukiitwa mbovu, kumbe kosa ni la mahali ulipowekwa. Baa nyingi za Nairobi hupanga chupa juu ya friji ya bia, pale pale inapotolea joto, kisha mvinyo unamiminwa ukiwa na nyuzi 27. Hapo pombe inakurukia puani, ladha ya tunda inapotea, ulimi unabaki na ukali tu. Watatuambia mvinyo mwekundu hunywewe kwa "joto la chumba", lakini msemo huo ulitokana na vyumba baridi vya Ulaya, nyuzi 16 hadi 18, si ukumbi uliofurika watu Westlands saa mbili usiku. Dakika 30 kwenye friji zinatosha. Hata Pinotage, mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, ya bei nafuu hurudisha harufu yake ya plamu.

Na huku kuuza kwa glasi! Chupa imefunguliwa Ijumaa, Jumatano bado inamiminwa. Hewa imeshauharibu: ukingoni una rangi ya kahawia, puani ni siki. Rudisheni kizibo, wekeni kwenye friji, siku 3 basi. Zikizidi, upelekeni jikoni ukapikie nyama. Na glasi ijazwe theluthi moja tu, tupate nafasi ya kuuzungusha na kuunusa kabla ya kuupa alama.