Rudisha Kirusi Changu

Kuna kazi zina shukrani, halafu kuna kutoa majasusi, yaani programu za siri zinazojipenyeza, kwenye kompyuta za watu. Leo, mchana kweupe, mbele ya foleni ya wateja wa fotokopi, mtu mzima mwenye mvi zake na miwani ameniambia nirudishe kirusi. Siyo nitoe. Nirudishe, kama nilivyokikuta.

Hali yenyewe mnaijua. Kompyuta ya steshenari inaletwa iko hoi. Ukifungua brauza yanafumuka matangazo ya vidonge vya kupunguza kitambi, ukurasa wa kwanza umebadilishwa, na kila unachotafuta kinazungushwa kwenye tovuti usiyoijua. Chanzo hakiulizwi, kuna mtu alitaka programu ya kulipia bila kulipia. Unaendesha antivairasi, inatoa orodha ndefu, unafuta, unazima, unawasha. Matangazo yameisha. Kompyuta inakimbia. Na intaneti nayo imeisha.

Antivairasi kazi yake ni kufuta. Yale yote jasusi aliyoyapindua wakati anajipenyeza, inakuachia wewe na mwenye mali mmalizane.

Mwenye mali wa leo ni karani mstaafu wa mahakama, na ustaafu bado haujamkolea. Akavuta stuli, akakaa, akanitazama juu ya miwani.

"Fundi, kompyuta hii ilipofika ilikuwa na kirusi?"

"Ilikuwa nacho, mzee wangu."

"Intaneti ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Sasa hivi kirusi kipo?"

"Hakipo."

"Intaneti ipo?"

"Mzee, naomba nieleze kidogo..."

"Ndiyo au hapana."

Foleni nzima kimya. Kuna binti pale maombi yake ya chuo yanafungwa leo saa sita usiku, na macho yake yako kwangu.

Nikaeleza kwa heshima na taadhima. Nikamwambia, mzee, huyu jasusi alijifanya dalali. Zamani brauza yako ilikuwa inakwenda mtandaoni yenyewe. Akaja akaiambia, kuanzia leo kila unachotaka pitia kwangu, nipo humu humu ndani, anwani 127.0.0.1, mlango 8080. Anwani hiyo ni kompyuta yenyewe, hata usiitafute kwingine. Basi kila ukurasa ulipita mikononi mwake, akasoma, akachomeka matangazo yake, ndipo akakupa. Antivairasi imemfuta dalali, lakini maelekezo yake imeyaacha. Brauza bado inakwenda kugonga mlango uleule, na ndani hakuna mtu.

Mzee akafikiri. "Kwa hiyo dalali alikuwa anafanya kazi."

"Alikuwa anakuibia, mzee."

"Dalali gani haibi? Lakini nyumba ulikuwa unapata. Mrudishe."

Foleni ikacheka. Binti wa maombi hakucheka.

Nikaacha maneno nikashika kibodi. Windows na R, andika inetcpl.cpl, nenda Connections, bonyeza LAN settings. Pale chini kuna "Use a proxy server for your LAN", proksi ndiyo huyo dalali, na tiki ilikuwa imekaa kwa raha zake. Toa. Na juu yake angalia "Use automatic configuration script", maana wengine hujificha hapo kwa kuweka anwani ya faili. Toa nayo, ile ya "Automatically detect settings" iache. Firefox inaweza kuwa na maelekezo yake binafsi, kwa hiyo ukiona brauza moja inafungua na nyingine inagoma, usiilaumu kampuni ya simu, kaangalie kwenye mipangilio ya Firefox yenyewe. Halafu zima, washa, urudi kuangalia. Tiki ikijirudisha, ujue jasusi hajaisha. Kuna kazi ameipanga kwenye Task Scheduler, au kuna huduma yake bado iko hai inairudisha kila ukiwasha. Usiendelee kutengeneza chochote kabla hujaipata hiyo, utakuwa unadeki huku bomba linavuja.

Tiki haikurudi. Intaneti nayo haikurudi.

"Bado," akasema mzee, kwa sauti ya mtu anayeandika kumbukumbu za kesi.

Hapa wengi ndipo wanapokimbilia kupiga Windows upya. Subiri. Fungua dirisha jeusi la amri, andika ping 8.8.8.8. Likijibu, njia ipo. Kisha andika ping google.com. Lisipojibu, njia ipo ila majina ya tovuti hayatafsiriwi kuwa namba, yaani DNS, mtafsiri wake, imechezewa. Ndivyo ilivyokuwa. Andika ncpa.cpl, bonyeza kulia kwenye kadi ya mtandao inayotumika, Properties, Internet Protocol Version 4, na humo utakuta namba za seva ambazo hakuna mtu ofisini anazijua. Chagua "Obtain DNS server address automatically", kisha kwenye dirisha jeusi ipconfig /flushdns. Na kama simu zote zilizo kwenye Wi-Fi hiyo nazo zinasumbua, kompyuta haina kosa. Ruta ndiyo imeguswa, maana nenosiri lake bado ni lile lililotoka nalo kiwandani.

Wakati nabofya, mzee anataka kujua DNS ni nini, nami kwa kumheshimu nikamweleza habari za DNSChanger. Kirusi hicho kilikuwa kinabadilisha namba hizi hizi, ukiandika jina la tovuti unapelekwa wanakotaka wao. Novemba 2011 FBI wa Marekani wakatangaza kukamatwa kwa genge la Waestonia, kompyuta zaidi ya milioni 4 zimeshaathirika. Sasa seva za wezi zikizimwa ghafla, watu wote hao wanakosa intaneti siku moja. Mahakama ikaruhusu seva safi ziwekwe mahali pa zile za wezi, zikaendeshwa hadi 9 Julai 2012, ndipo zikazimwa.

Mzee alishtuka kwa neno moja tu.

"Mahakama ilitoa amri?"

"Ilitoa, mzee."

"Amri kwamba dalali asiondolewe ghafla?"

"Waliweka dalali mwingine mzee, mwaminifu."

"Basi mimi niwekee huyo."

Ukurasa ukafunguka. Binti akapumua. Mzee akaangalia skrini, akaangalia foleni, akatoa hukumu: "Kwa hiyo hapa nakulipa nini, kurudisha kitu nilichokuwa nacho?"

Na hiyo ni kesi nyepesi. Kuna zile ambazo proksi iko safi, DNS iko safi, ipconfig inaonyesha anwani nzuri kabisa, na bado hakuna programu inayotoka nje. Hapo jasusi alijipachika kwenye mnyororo wa Winsock, ambao kila programu ya mtandao inapita. Ukiitoa pete yake bila kuunganisha zilizobaki, mnyororo wote hauvuti. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika netsh winsock reset, halafu zima uwashe. Bila kuzima hakuna kitu, na msininyanyase kwa "nimefanya haijasaidia" wakati kompyuta haijazimwa tangu Jumatatu. Amri hiyo inafagia wote, hata waliojipachika kihalali. VPN au antivairasi fulani inaweza kugoma baadaye, ukalazimika kuisimika tena. Ikishindikana ongeza netsh int ip reset. Ila kwenye ofisi zenye anwani za kuandika kwa mkono, tangulia kupiga picha matokeo ya ipconfig /all, kwa sababu amri hiyo inazifuta, na aliyezipanga alishahama na hapokei simu.

Kagua na faili la hosts, linaloiambia kompyuta jina la tovuti liende anwani ipi. Lipo C:\Windows\System32\drivers\etc. Mistari inayozuia tovuti za antivairasi, futa. Likikataa kuhifadhi, ama hukulifungua kama msimamizi, ama limewekewa alama ya kusomwa tu.

Sasa mzee anataka kuona "kinachokula kompyuta". Ctrl, Shift, Esc. Ujumbe ukatokea: "Task Manager has been disabled by your administrator." Yaani imezuiwa na msimamizi wako.

"Msimamizi ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, mzee."

"Mimi sijazuia kitu chochote!"

Unamwelezaje mtu aliyefanya kazi mahakamani kwamba kuna hati imetoka kwa jina lake bila yeye kujua? Alitaka mashahidi. Dawa yake ni mstari mmoja: reg delete HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System /v DisableTaskMgr /f. Majasusi wengine hufunga na mlango wa rejista yenyewe, daftari la mipangilio ya Windows, ukiandika regedit unakataliwa, na hiyo amri ya reg nayo inakataliwa. Ingia kwa PowerShell, dirisha jingine la amri, maana zuio hilo haliigusi: Remove-ItemProperty -Path HKCU:\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System -Name DisableRegistryTools. Angalia sana hizo herufi HKCU. Maana yake ni mtumiaji aliyeingia sasa hivi. Ukiingia na akaunti ya msimamizi ukatengeneza, umeitengenezea akaunti ya msimamizi, na mhudumu wa steshenari akiingia kwa jina lake anakuta kufuli lipo palepale, kisha unaambiwa fundi wa siku hizi wababaishaji.

Chrome nayo inaandika kwamba inasimamiwa na shirika lako. Shirika gani? Duka lina fotokopi moja na feni. Andika chrome://policy uone kilicholazimishwa, futa folda ya Chrome iliyo HKLM\SOFTWARE\Policies\Google, fungua brauza upya.

Kisanduku cha RunDLL kinacholalamika kila ukiwasha kwamba faili fulani la dll halionekani siyo kirusi kipya. Ni barua ya wito ya mtu aliyekwisha fariki. Chukua Autoruns ya Microsoft, inayoorodhesha kila kinachojiwasha, mistari ya njano ndiyo ambayo faili zake hazipo, toa tiki kwenye ule wenye jina lile. Toa tiki tu, usifute, mpaka uone kompyuta imewaka salama.

Programu zote za exe zikianza kuuliza "unataka kufungua kwa nini", andika assoc .exe=exefile, kisha ftype exefile="%1" %*. Isipokubali, chungulia HKCU\Software\Classes, kuna kifungu cha .exe ambacho hakitakiwi kuwepo.

Halafu kuna mkato. Ndiyo, mkato, alama ya koma. Kwenye rejista, HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon, kuna Userinit, na thamani yake ni C:\Windows\system32\userinit.exe, pamoja na huo mkato mwishoni. Enzi za Windows XP kulikuwa na jasusi aliyeweka faili lake, wsaupdater.exe, mahali pa userinit. Programu ya kusafisha ikafuta faili, rejista ikabaki inaliita. Matokeo yake unaandika nenosiri, unakaribishwa, na hapo hapo unatolewa nje. Unaingia, unatolewa. Watu walipiga Windows upya wakapoteza kila kitu, wakati dawa ilikuwa kuingia kwa Recovery Console, dirisha la uokozi, kunakili userinit.exe kwa jina la wsaupdater.exe, kuingia kwa hila hiyo, kisha kusahihisha rejista. Jirani yake hapo ni Shell, ambayo inatakiwa iwe explorer.exe. Ikiharibika unapata skrini nyeusi na mshale wa kipanya. Ctrl, Shift, Esc, anzisha kazi mpya, andika explorer.exe, meza inarudi, nenda ukairekebishe.

Ukishamaliza hayo ndipo ukague mafaili ya Windows yenyewe kwa zana zake mbili, DISM kwanza, sfc baadaye: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, halafu sfc /scannow. Watu wanaanza na sfc, inasema imeshindwa kutengeneza, wanakata tamaa, kumbe ghala inakochukua vipuri ndilo bovu na DISM ndiyo inayolikarabati. Ila DISM hupakua kutoka Windows Update, na hapo ndipo bando la fundi linapoliwa wakati mteja anauliza mbona haisogei. Itasimama asilimia sitini na kitu, itakaa, iache. Ukiwa na ISO, yaani faili moja lenye diski nzima ya kusimikia, ya Windows ileile, ibofye mara mbili ifunguke kama DVD, kisha ongeza kwenye amri /Source:wim:D:\sources\install.wim:1 /LimitAccess, na bando lako linabaki la kwako. D ni herufi ya hiyo DVD, hiyo 1 ni toleo, na kama ndani kuna install.esd, andika esd pale palipoandikwa wim. Umeme ukikatika katikati, hayo si ya kwangu.

Yote yakishindikana, usifomati. Endesha setup.exe kutoka kwenye ISO hiyo huku Windows ikiwa imewaka, lugha na toleo vifanane, chagua kubakisha mafaili na programu. Inasimika Windows juu ya Windows na vitu vya mtu vinabaki. Flashi utakayobebea ISO iwe imefomatiwa kwa NTFS au exFAT. FAT32 haipokei faili la GB 4 na kuendelea, itakuambia faili ni kubwa mno hata kama flashi ni tupu, na utazunguka kununua flashi nyingine bure.

Inataka nafasi, tuseme GB 20 ziwe wazi kwenye C. Na hapa ndipo mimi na mzee tulipokwama saa kumi jioni, foleni imeisha, binti kashatuma maombi yake kaondoka bila kuaga. C ina GB 3. Zilizobaki ni video za harusi.

"Harusi ya nani hii, mzee?"

Akavaa miwani vizuri. Akatazama bibi harusi anaingia ukumbini, akatazama matarumbeta, akatazama wajomba wakicheza.

"Simjui."

"Tufute?"

"Usiguse."

"Mzee, ni GB 61."

"Huenda mwenyewe atakuja kuzifuata."

"Atazifuata lini? Hapa imeandikwa 2014."

Akaomba nimwongezee sauti, maana sasa anaingia MC.