Msiwafundishe vijana kusubiri kengele

Zoezi la dharura, kama linavyofanyika katika shule nyingi, linajulikana mwisho wake kabla halijaanza. Tangazo limetolewa tangu jana, mwalimu wa zamu anatazama saa, kengele inalia, wanafunzi wanatoka kwa mistari hadi uwanjani, wanahesabiwa, wanarudi darasani wakipiga soga. Fomu inatiwa saini, na suala limekwisha hadi mwakani. Nasema zoezi la namna hiyo linamfundisha kijana jambo moja tu: kwamba siku ya hatari kutakuwa na kengele, na kutakuwa na mtu mzima wa kumwambia aende wapi. Moto hauji hivyo, wala mafuriko. Mara nyingi kijana atakuwa nyumbani peke yake na mdogo wake, au njiani na wenzake, na wa kuamua atakuwa yeye.

Yaliyotokea Japani tarehe 11 Machi 2011 yanatosha kunishawishi. Tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga saa 8:46 mchana, na tsunami ikafuata. Katika mji wa Kamaishi, profesa Toshitaka Katada alikuwa ametumia miaka kadhaa kuwafundisha wanafunzi mambo matatu: usitegemee makadirio yaliyochorwa kwenye ramani za maeneo ya hatari, fanya kila uwezalo, na uwe wa kwanza kukimbia ili wengine wakufuate. Ardhi ilipotulia, wanafunzi wa sekondari ya Kamaishi Mashariki walianza kukimbilia juu. Watoto wa shule ya msingi ya jirani, ambao walikuwa wameanza kukusanyika kwenye ghorofa ya juu ya jengo lao, waliwaona wakubwa wao wakikimbia, wakatoka nao. Wakubwa wakawashika wadogo mikono. Walipofika mahali palipopangwa, waliona ukingo wa mlima ukimomonyoka, wakaamua hapafai, wakapanda zaidi. Maji yalifika pale walipokuwa wamesimama mwanzo. Kati ya wanafunzi karibu 3,000 wa shule za mji ule, zaidi ya asilimia 99 walinusurika.

Siku hiyohiyo, katika shule ya msingi ya Okawa mjini Ishinomaki, watoto waliwekwa uwanjani kwa takribani dakika 50 huku watu wazima wakishauriana waelekee wapi. Nyuma ya shule kulikuwa na mlima. Walikufa au kupotea wanafunzi 74 na walimu 10. Wazazi waliipeleka kesi mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Japani iliacha isimame hukumu iliyosema kwamba kosa lilianza kabla ya siku ile, katika maandalizi yaliyopaswa kufanywa na hayakufanywa. Siwanyooshei kidole walimu waliokufa na wanafunzi wao. Ninachosema ni kwamba watoto wale walitii kama walivyofundishwa, na utii peke yake haukuwafaa kitu.

Kwa hiyo tunapozungumzia mafunzo ya dharura kwa vijana, kiini chake kwangu ni ruhusa ya kuamua. Kijana ajue kabisa kwamba akiona moshi hahitaji kumwomba yeyote idhini ya kutoka, na kwamba njia iliyopangwa ikiwa imezibwa ana haki ya kutafuta nyingine. Ruhusa hiyo haitolewi kwa hotuba. Inatolewa kwa kumpa mazoezi ambayo jibu lake halijulikani mapema.

Na ruhusa bila ujuzi ni hatari, hilo nalikubali. Ndiyo maana nasisitiza mikono. Mtu hajifunzi kukandamiza kifua cha aliyesimama moyo kwa kuangalia picha ukutani. Nimewahi kukaa na vijana wakifanyishwa zoezi hilo kwenye mwanasesere wa mafunzo: kila mmoja anaanza kwa kugusagusa, kana kwamba anaogopa kuumiza, hadi mkufunzi anapoweka mikono yake juu ya yao na kusukuma chini. Hapo ndipo wanapoelewa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima maana yake nini, na kwa nini mara 100 hadi 120 kwa dakika inamtoa mtu jasho kabla hata dakika mbili hazijaisha. Baada ya hapo huhitaji kuwaambia kwamba wapokezane; wanaanza kupokezana wenyewe.

Denimaki ililifanya somo hilo kuwa la lazima shuleni mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikaliingiza katika masharti ya leseni ya udereva. Kati ya 2001 na 2010, watu waliosimama moyo nje ya hospitali wakapata msaada wa aliyekuwa karibu waliongezeka kutoka asilimia 21 hivi hadi karibu 45, na waliokuwa hai baada ya siku 30 wakaongezeka kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Shule peke yake haikuleta hayo yote, lakini ilikuwa sehemu yake. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono mapendekezo ya kuwafundisha wanafunzi saa 2 kwa mwaka kuanzia umri wa miaka 12. Saa 2! Hakuna ratiba ya shule iliyobana kiasi cha kukosa saa hizo.

Simu nayo inahitaji mazoezi, na hili watu wengi hulidharau. Mpe kijana wa miaka 13 simu iliyozimwa, mwambie, "Shangazi yako ameanguka jikoni, haamki. Piga." Ataigiza kwa kasi: "Njooni haraka, shangazi ameanguka!" kisha atakata. Hajasema yuko wapi. Hajasema kama shangazi anapumua. Wengi hawajui kwamba simu iliyofungwa kwa nywila bado inaweza kupiga namba ya dharura, na wengi hawana hata namba moja ya mzazi kichwani kwa sababu zote zimehifadhiwa kwenye simu. Rudia igizo hilo mara kadhaa, mahali kwanza, kilichotokea baadaye, usikate mpaka uambiwe, na utaona mabadiliko siku hiyohiyo.

Kuna sehemu ya mafunzo ninayoiona ngumu kuliko zote, nayo ni kuwafundisha kutokuingia. Vijana wana moyo. Mwenzao akizama, wa kwanza anajitosa, wa pili anamfuata, na mwisho wa siku familia mbili au tatu zinalia badala ya moja. Anayezama hushika chochote kilicho karibu, pamoja na kichwa cha anayemwokoa. Kijana anapaswa kuwa amelala kifudifudi ukingoni na kunyoosha fimbo, au ametupa kamba, dumu tupu lililofungwa kifuniko, chochote kinachoelea, mara nyingi kiasi kwamba mwili wake unakumbuka hilo kabla ya kukumbuka kuruka. Vivyo hivyo kwa aliyenaswa na umeme: zima swichi kuu, usimguse. Vivyo hivyo kwa mafuta yaliyoshika moto kwenye sufuria, ambayo maji huyarusha juu kama mwali. Funika, zima jiko, usiihamishe sufuria. Kumwambia kijana jasiri "usiingie" bila kumpa la kufanya ni kumwomba jambo asiloliweza.

Mengine ni mepesi na hayahitaji maneno mengi. Aliyeungua awekwe chini ya maji baridi ya bomba kwa dakika 20, si kupakwa dawa ya meno. Damu inayotoka kwa wingi ikandamizwe kwa nguvu na kitambaa, bila kuchungulia kila sekunde. Kwenye moshi, tambaa, kwa sababu hewa iliyo afadhali iko chini. Hayo yanafundishika ndani ya alasiri moja.

Wapo wazazi wanaosema tunawatisha watoto. Nawaelewa, na mimi pia nayapinga mazoezi ya kushtukiza, yale ya kuwafanya watoto waamini hatari imeingia kweli ili "wazoee". Huo ni ukatili na haumfundishi mtu kitu. Lakini mtoto tayari anaona mafuriko na moto kwenye simu yake kila wiki. Kinachomkosesha usingizi ni kuviona bila kujua angefanya nini. Katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, watu walisimuliana kizazi hadi kizazi habari za mawimbi ya mwaka 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, panda mlimani, usingoje. Desemba 2004 walikufa watu 7 kati ya wakazi wapatao 78,000. Watoto wa pale walikua na hadithi ile ya kutisha, na ndiyo iliyowatoa pwani.

Ombi langu kwa shule, vikundi vya vijana na nyumba za ibada ni dogo. Katika zoezi lenu lijalo, wajulisheni wote kwamba ni zoezi, kisha fungeni mlango mmoja wa kutokea bila kusema ni upi. Mwondoeni mwalimu mmoja. Mpeni mwanafunzi mmoja kazi ya kuigiza kwamba amevunjika mguu kwenye ngazi. Wakifika uwanjani, msiwahesabu ninyi. Waacheni wahesabiane wenyewe, na waulizeni nani hayupo, alionekana wapi mara ya mwisho, na nani amepiga simu.