Mgongo wa mchukuzi: kidonge au ubongo?

Mchukuzi wa magunia soko la Kongowea, Mombasa, akiumwa kiuno, haendi mbali. Duka la dawa liko jirani, diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, anaipata bila maswali mengi. Usiku anameza, alfajiri anabeba. Simlaumu, siku asiyobeba, nyumbani hakupikwi.

Ila maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu, na hapo hesabu hubadilika. Diklofenaki na ibuprofeni za kila siku huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na kuumiza figo. Tramadoli, dawa kali ya jamii ya afyuni, nayo humzoesha mtu hadi kuiacha ikawa mateso. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno: dawa za jamii ya afyuni zisitolewe kwa mazoea. Kundi la ibuprofeni halikukataliwa, lakini mazoezi, elimu na tiba ya kisaikolojia vimo pia.

Hiyo ya kisaikolojia ndiyo inayotukwaza. Mwambie mama wa Likoni aliyeteseka miaka kwamba ubongo unahusika, atasikia anaambiwa anajisingizia. Ana haki ya kuudhika, maana wengi wameshafukuzwa kwa neno "ni mawazo tu". Maana yake si hiyo. Jeraha linaweza kupona, mishipa ya fahamu ikabaki na wepesi wa kushtuka, ubongo ukaendelea kupiga king'ora. Na maumivu hayo ni ya kweli kabisa. Katika utafiti wa Colorado, Marekani, uliochapishwa 2021, watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo walishiriki. Waliofundishwa kwa wiki 4 kuyachukulia maumivu kama king'ora kisicho na hatari, asilimia 66 walibaki bila maumivu au karibu na hapo. Walioendelea na matibabu yao ya kawaida, asilimia 10.

Matokeo hayo yananivutia sana, lakini hayamhusu kila mgonjwa. Mtoto wa selimundu akishikwa na maumivu, au mgonjwa wa saratani, kumnyima dawa kali na kumwambia avute pumzi taratibu ni ukatili. Na mgongo unaoambatana na ganzi miguuni au mkojo kutozuilika ni wa kukimbiziwa hospitali.

Kwa kiuno kilichopimwa kikaonekana hakina jeraha, mimi ningeanza na kutembea, mazoezi na mazungumzo na mtaalamu, vidonge viwe vya siku za kuhesabika. Tatizo ni kwamba mtaalamu huyo anataka nauli, ada na saa za mchana, na mchana ndipo malori ya viazi yanaposhushwa. Sheria ya Kenya inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Lizidipo, hakuna zoezi la akili litakalolipunguza.