Corolla 110 kula oili si lazima ushushe injini

Kuna makala inayosema Toyota Corolla 110 ikianza kula oili, yaani oili ya injini kupungua kwa kuungua, dawa ni kubadili injini. Si kweli kila mara. Soma moshi kwanza. Ukiwasha asubuhi ukatoka moshi wa bluu kwa sekunde chache kisha ukakata, hizo ni sili za vali zilizokauka, vimpira vinavyozuia oili isipite kwenye vali: viko 16 kwenye injini ya 5A, moja ya injini za gari hili, na fundi makini huzibadili bila kuishusha. Moshi ukitoka kila ukikanyaga mafuta, hapo ni ringi za pistoni zilizolika, na gharama ni nyingine kabisa.

Kinachoua injini hizi hasa ni joto. Lakini tafadhali, msikubali fundi atoe thamostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, eti gari lisichemshe! Injini hubaki baridi, kompyuta inaongeza petroli, ulaji wa mafuta unapanda na silinda zinalika. Maji ya bomba nayo huleta kutu, rejeta inaziba, gari linachemsha, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inapinda. Weka kulanti, maji maalumu ya kupooza injini.

Mkanda wa taimingi, unaozungusha kamshafti (mhimili unaofungua vali), badilisheni kila kilomita 100,000, pamoja na sili ya kamshafti, maana oili ikiuvujia unaharibika mapema. Ukikatika, 5A huzima tu; vali hazigongi pistoni.